Pikipiki ya Matawi

Chekeni tu, nimezoea. Nilitaka pikipiki kuukuu ya kwendea kibarua na kuzururia nchi. Pale Merigi, fundi mmoja alikuwa nayo, ameifunga matawi kuonyesha inauzwa.

“Ijaribu kwanza, boss.”

Nikashika lami. Punde magari yakanifuata, taa zimewaka, honi zikilia. Mimi na akili zangu nikadhani wanaisifu. Nikazidi kuringa, nikakata kona kwenye mashamba ya majani chai nione kama inaweza matope. Wakanifuata mpaka mtoni, njia ilipoishia.

Mzee wa suti akashuka, akazama matopeni hadi magotini.

“Kijana wa matawi, si wewe ndiye umetumwa kutuongoza? Bibi harusi anangoja kanisani!”

“Mzee, mimi naijaribu tu. Hata sijainunua.”