Breki Mpya ya Jirani

Mimi na jirani yangu wa Area D tulikuwa na pikipiki za zamani zilizofanana kama shilingi kwa ya pili. Siku moja fundi akamtolea breki yake ya mbele, akamfungia ya diski. Wazee wa kijiwe cha kahawa wakaacha vikombe wakaizunguka. Roho iliniuma! Nikawatangazia kwamba pikipiki kuukuu haiwezi breki mpya, itamwangusha tu.

Jumapili tukaongozana kwenda Hombolo, yeye mbele, mimi nyuma, nikiomba aumbuke. Mbuzi wakakatiza barabara. Yeye akasimama papo hapo. Mimi nilibana breki yangu mpaka mwisho, nikamvaa kwa nyuma.

Alikuja kuniinua, akaniuliza kama nimeumia. Nilimjibu kwa hasira kwamba breki zake ni kali mno.