Dereva wa Maziwa na Pazia la Gari-Nyumba

Kama hujawahi kumwona mtu aliyestaafu kazi lakini kazi ikakataa kumstaafu yeye, basi humjui Saa Mbili. Miaka thelathini na mmoja aliendesha lori la maziwa kutoka kwa wafugaji hadi kiwandani, na kila asubuhi lori liliingia getini saa mbili kamili. Si saa mbili na kitu. Mlinzi wa geti hakurekebisha saa yake kwa redio, alimsubiri yeye. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye leseni tu.

Miaka yote hiyo hakusimama njiani hata mara moja. Hakusimama kula, hakusimama kusalimia, na yale mengine yanayomsimamisha binadamu kando ya njia aliyamaliza kabla ya kuwasha gari. Maziwa hayana subira, alisema. Jua likiyawahi, utafikisha mtindi ambao hakuna aliyeuagiza.

Sasa mtu kama huyo ukimpa gari la matembezi, wa kulaumiwa nani? Binti yake mkubwa kati ya mapacha wawili, muuguzi katika nchi ya mbali, aliwaalika wazazi wake wote wawili, na mkwe akawakodia gari-nyumba kwa siku kumi: mbele usukani, nyuma kitanda, jiko dogo la gesi, kabati, na katikati pazia la kumtenga dereva na chumba. Mkwe akamtahadharisha kwamba huko watu huendesha upande mwingine wa barabara. Saa Mbili akamjibu, "Mwanangu, upande ni upande tu. Mimi niulize habari za breki." Na kweli, hadi adhuhuri ya siku ya kwanza alikuwa ameshawapita wenyeji hamsini na kitu, waliozaliwa kwenye barabara ileile.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Walimwita Mama Pindo, maana pindo alilolikunja yeye halikufumuka hata nguo ikigeuka tambara. Safari hii aliingoja tangu harusi. Fungate yao ilikuwa siku moja, Jumapili. Jumatatu alfajiri bwana harusi alikuwa kwenye lori.

Siku tatu za mwanzo, alichokiona ni nchi ikirudi nyuma. Alisema hebu ona yale maua, na kabla neno halijamtoka maua yalishakuwa historia. Aliomba wasimame darajani, akaambiwa madaraja yapo mengine mbele. Aliomba wasimame sokoni, soko likabaki kwenye kioo cha pembeni. Kila kambi ya kulaza magari-nyumba walifika saa nane mchana, wa kwanza kabisa, kisha Saa Mbili akazunguka akigonga matairi kwa kiatu, hana la kufanya.

Asubuhi ya siku ya nne Mama Pindo alikuwa anakunja shuka. Hakupandisha sauti.

"Baba Pacha, leo ikiwa kama jana, kesho nashuka. Treni zipo. Mimi narudi kwa mwanangu, wewe endelea na lori lako."

Saa Mbili akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeguswa jino bovu. Ndoa ya miaka thelathini na minne, na neno "nashuka" hakuwahi kulisikia. Lilimwingia hasa. Lakini mazoea yana tabu: dakika ishirini baadaye alikuwa mwendo wa mia na kumi. Mkewe akaenda nyuma, akavuta pazia, akajilaza.

Kwenye kituo cha mafuta alijaza tangi, akalipa, akapiga bodi makofi mawili kama ilivyo ada yake, akaondoka. Pazia hakulifunua. Dereva wa maziwa huangalia mzigo wakati wa kupakia na wakati wa kushusha. Hapo katikati, mzigo utakwenda wapi?

Kilomita kumi za kwanza alilieleza pazia jinsi alivyolipita lori la mbao kwenye kona. Pazia kimya. Akalikumbusha kwamba kuna wanaume walevi, wanaume wavivu, yeye kosa lake mwendo tu. Kimya. Akapandwa na hasira, akasema na wengine tumechoka kununiwa. Kimya bado, na kimya cha mke, kwa mwenye akili, ni honi. Akapunguza mwendo.

"Mama Pacha, nikwambie ukweli. Mimi kusimama naogopa. Pale getini kulikuwa na watu wananingoja kila siku. Sasa hivi hakuna anayeningoja popote. Nikikimbia, naona kama bado wapo."

Pazia likatikisika. Saa Mbili akajua analia. Basi akafanya ambalo hakulifanya miaka thelathini na mmoja: akaegesha kando ya njia, akaenda kumbembeleza mkewe.

Alikuta mito miwili, blanketi, simu ya mkewe, na dirisha lililo wazi likipitisha upepo. Mtu ambaye hakuwahi kumwaga hata lita moja, leo kapoteza mzigo mzima.

Wazo la kwanza lilikuwa treni. Kesho imewahi kufika, ameshashuka. Akarukia usukani, na barabara yenyewe haina mahali pa kugeuzia hadi kilomita kumi na nane mbele. Alizimaliza zote akielekea asikotaka, kisha akarudi.

Mama Pindo alikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, kwenye benchi. Alishuka kunawa uso. Kutoka msalani, gari hakuna. Mhudumu wa kituo alimpa chai, naye, kwa kuwa hawakuelewana lugha, akaomba kwa ishara koti la kazi la mhudumu lililofumuka bega, akatoa sindano mkobani na kuanza kulishona.

"Nilidhani umepanda treni," Saa Mbili akasema.

"Kwa miguu ipi? Stesheni mbali."

"Nimekuomba msamaha njia nzima."

"Mimi sikuwepo. Nirudie."

Akajaribu kukwepa, akasema maneno yenyewe yalikuwa marefu. Mama Pindo akasema nafasi anayo. Basi akayarudia, akiangalia viatu vyake, na safari hii yalitoka machache: kwamba anaogopa, kwamba hangojwi na mtu.

Sindano ikasimama. "Na mimi niliyekuwa nakungoja nyumbani miaka yote hiyo, nilikuwa nani? Mtungi?"

Saa Mbili akarudi garini. Alizima injini aliyokuwa ameiacha ikinguruma, akaja kukaa. Alipouliza bega limebaki kiasi gani, akaambiwa kuna na la pili.

Kesho yake hakuna aliyepanda treni. Walikwenda kilomita thelathini na nane kutwa nzima, na kwenye mteremko mmoja wakapitwa na trekta lililobeba nyasi. Saa Mbili akaubana usukani hadi vidole vikapauka. Mama Pindo akamtazama. Dereva wa trekta akapunga mkono, na baada ya muda, kwa shida kubwa, Saa Mbili naye akapunga.