Gitaa Lenye Mafua

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisikiliza, kwa sababu sauti ninayotaka kukusimulia ilikuwa ndogo, na mtu aliyekaa mbali angeikosa. Ilitoka upande wetu wa ukuta wa mbao, mtaani Nyalukemba, saa za mchana, nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Nyumba ilikuwa moja lakini ilikaliwa na familia mbili, na mbao zilizotutenga zilikuwa zimekauka hadi zikaachana. Nilijua jirani yetu, Maman Asifiwe, ameonja lini sombe yake ya majani ya muhogo, maana nilimsikia akigonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Mvua ikipiga mabati hatukusikiana. Ikiacha, tulisikiana hata kupumua.

Mwaka huo mjomba wangu, Tonton Bahati, alikwenda Shabunda kutafuta dhahabu. Alituachia gitaa lake la umeme, kipaza sauti kizito kama gunia la maharage, na kaseti moja isiyo na jalada. "Nsimire, usiache nyuzi zishike kutu," aliniambia. Kwenye kaseti ile kulikuwa na wazee wa Marekani wakipiga bluzi. Sisi tulizoea gitaa la rumba, safi, linalometameta kama ziwa asubuhi. Lile la kwenye kaseti lilikuwa na mkwaruzo. Noti ilianza nzito, ikachanika kidogo pembeni, kisha ikakaa hewani, kama mtu aliyelia sana, akanyamaza, lakini koo lake bado halijatulia. Niliitamani sauti ile hadi nikaiota.

Shida ilikuwa hii. Nikifungua kipaza sauti hadi katikati, mkwaruzo ulikuja, lakini mbao zilitetemeka na mtoto Asifiwe, aliyekuwa na miezi miwili, aliamka akilia. Nikipunguza, mtoto alilala, lakini gitaa likawa jembamba kama mbu. Mama yake alitoka alfajiri, mtoto mgongoni, kwenda kuuza vitenge soko la Nyawera, akarudi mchana amechoka kabisa. Usingizi wa mtoto ndio uliokuwa usingizi wake. Mara ya kwanza alikuja mlangoni kwa upole. Mara ya pili macho yake yalikuwa mekundu.

"Maman Nsimire, ule mutoto wako iko napiga gitare ao iko nabomoa nyumba?"

Mama alicheka kwa aibu. Jirani alipoondoka, hakucheka tena. Alisema mara ya tatu gitaa litakwenda parokiani, kwa wanakwaya, ambao walikuwa wamekwisha kuliomba. Mama hakuwa mtu wa kutishia watoto. Akisema, alifanya. Nililala nikiliwaza gitaa la Tonton likipigwa na mtu mwingine, siku za Jumapili tu.

Basi nilijaribu kila njia. Nilikiingiza kipaza sauti kabatini, katikati ya makoti ya Papa. Nilikifunika kwa godoro. Kilisikika kama mtu anayesema huku amezibwa mdomo, na bado mbao zilitetemeka. Papa, aliyekuwa sekretari katika chuo kikuu, alinitazama siku kadhaa. Kisha alinishushia kutoka juu ya kabati redio yetu kuukuu ya kaseti. Ilikuwa na tundu la maikrofoni, na ukibonyeza kitufe cha kurekodia pamoja na kile cha kusimamisha mkanda, chochote ulichochomeka kilitoka kwenye spika yake ndogo.

"Lakini majiwe mapya ni ya habari," alisema. Majiwe ndilo jina letu la betri. Mimi nilipewa zile zilizochoka, sita, ambazo kila asubuhi nilizipanga juu ya bati zipate jua, nikizigeuza kama sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wanaoanikwa. Hadi leo nikisikia harufu ya bati lililopata moto, vidole vyangu hutafuta nyuzi.

Siku ya kwanza niliona nimedharauliwa. Nilifungua redio nusu, ikanong'ona. Kwa hasira nikazungusha kidude cha sauti hadi mwisho, nikapiga uzi mmoja. Noti ilitoka ndogo, lakini ilikuwa nzito, imechanika pembeni, na ikakaa hewani. Ilikuwa ile ile! Upande wa pili wa ukuta hakuna aliyelia.

Ilinichukua miaka kuelewa kilichotokea, nawe nitakueleza polepole. Mkwaruzo ule hautokani na ukubwa wa sauti. Unatokana na kifaa kinachoombwa kutoa zaidi ya nguvu zake. Kipaza sauti kikubwa lazima ukisukume sana ndipo kichoke, na kikichoka, mtaa mzima una habari. Redio ndogo yenye betri hafifu huchoka mapema, ingali inanong'ona. Baada ya hapo nilijifunza madogo madogo. Nilipunguza sauti za juu, kwa sababu spika ndogo huchoma masikio. Niliilaza redio chali juu ya kiti cha mbao, kiti kikaipa kifua, yaani sauti nzito. Na kidude cha gitaa lenyewe kikawa usukani wangu: nusu, gitaa lilizungumza; kikifunguliwa chote, lililia.

"Hii gitare imeshikwa na mafua," Papa alisema akipita, na alipita mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Wiki tatu hakuna aliyebisha hodi. Kisha shule ikatangaza matokeo, nikafaulu, na Papa akarudi jioni na betri sita mpya, zimefungwa kwenye gazeti. Kesho yake mchana nilizitia, nikakaa, nikapiga. Kidude cha redio kilikuwa bado mwisho kabisa. Mlio uliotoka uliangusha kikombe mezani, na Asifiwe akapiga yowe ambalo bado nalisikia. Nyuma ya ukuta kiti kilikokotwa. Kandambili zikazunguka nyumba. Mama alitoka jikoni akifuta mikono, akalitazama gitaa, kisha mimi. Sikungoja kuambiwa. Nilianza kukunja waya.

"Nani alibadilisha gitare?" aliuliza Maman Asifiwe kutoka mlangoni, mtoto begani.

Mimi niliendelea kukunja waya, naye akachungulia ndani.

"Ile ya mafua iko wapi?" Maneno ya Papa kumbe yalikwisha kupita kwenye mbao.

"Ya mafua?" Mama alishangaa.

"Ile ya siku zote! Mimi sisemi iko muzuri, inakohoa kama muzee. Lakini mutoto analala nayo, na mimi nalala. Hii ya leo muipeleke kule Shabunda."

Mama alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Mimi nilirudisha betri chovu, nikapiga taratibu hadi kilio upande wa pili kikawa kwikwi, na kwikwi zikawa kimya. Betri mpya zilikwenda kwenye habari za Papa. Tonton aliporudi, amekonda lakini mzima, alisikiliza akaniuliza nani alinifundisha. "Majiwe ya Papa," nilisema, wala hakulidai gitaa lake.

Leo nyumba yangu ni ya matofali, na simu inaweza kutoa sauti yoyote ya gitaa masikioni mwangu bila jirani kujua kama nipo. Ni nafuu kubwa. Hakuna anayebisha, ingawa pia hakuna anayelala kwa kulisikia gitaa langu. Asifiwe ni mwanamume mwenye pikipiki yake Nyawera, naye anaapa hakumbuki lolote. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu huanza kama nilivyoanza: wanapunguza kipaza sauti, kisha wanalalamika kwamba gitaa limekuwa mbu. Basi nakwambia kama ninavyowaambia wao. Tafuta kifaa kidogo kuliko vyote ulivyo navyo, kifungue hadi mwisho, rudisha kidude cha gitaa nusu, kilaze kifaa hicho juu ya kiti cha mbao, kisha ukae karibu.