Filamu Aliyoileta Mwanahawa

Kuna Jumamosi moja haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu. Nilikuwa msichana wa maktaba, maktaba ndogo ya parokia kule Ruhuwiko, na tulikuwa tunachagua filamu ya nyimbo kwa ajili ya rafu ya vijana. Nafasi ilikuwa ya filamu moja tu, iwavutie kwa muziki na iwape jambo la maisha la kuzungumza. Nakusimulia kwa sababu umekuja hapa umenuna, unasema kesho kikaoni utaikataa filamu ya mwenzako, na nilipokuuliza ina ubaya gani ukaanza kunieleza mavazi yake yeye.

Mimi nilileta filamu ya kwaya. Magauni yanameremeta, mabinti wanaimba, mwisho wanashinda. Nilijiona nimemaliza kazi. Mwenzangu Mwanahawa, mwalimu aliyehamia kutoka Tanga, akaleta yake: binti anaachishwa shule ili afunge tumbaku, na humo ndani ya bani, banda la kukaushia majani, anatunga nyimbo, wenzake wanaitikia huku mikono inafanya kazi.

Tukawaonyesha vijana zote mbili kwenye deki ya parokia. Yangu waliipigia makofi. Ya Mwanahawa waliitazama kimya. Binti mmoja, Agneta, aliyekuwa anakaa kwa shangazi yake, vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya mapaja, vinafunga majani yasiyokuwepo kwa kufuata wimbo. Sikuhitaji kuambiwa anatoka wapi. Nimezaliwa Namtumbo, nimefunga tumbaku mpaka vidole vikawa vyeusi na kunata.

Hapo wivu ukanikamata. Huyu wa pwani, ambaye jani la tumbaku hajawahi kulishika, ameleta maisha yangu, na mimi niliyeyaishi nimeleta magauni! Nilimchukia hata kwa jinsi alivyojifunga mtandio wake ukakaa vizuri.

Vijana walipotoka, wazazi wa kamati ya maktaba, ambao ndio walioamua, wakabaki. Baba mmoja akasema filamu ile inawadhalilisha wakulima. Wengine wakaguna. Kisha wote wakanigeukia mimi.

"Dada, wewe ni wa Namtumbo. Mambo yale yapo, au ni ya kutunga tu?"

Ningesema hayapo, filamu ingerudishwa ilikotoka, na Mwanahawa mgeni angebisha kwa lipi? Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Mzee Kalolo, mkuu wetu wa maktaba, alikuwa Mhehe, na kwetu Wangoni Mhehe ni mtani. Anakwambia mbele za watu jambo ambalo hata mjomba wako atalimeza. Akanitazama, akacheka.

"Mtani, wivu umekupanda hadi masikioni, nayaona yamesimama. Kunywa maji kwanza, halafu utujibu."

Watu wakaangua kicheko. Nilitamani kumrushia kikombe. Lakini mtani hakasirikiwi, kwa hiyo nikanywa. Na maji yalipokwisha, ule uongo nikashindwa kuutoa.

"Yapo," nikasema. "Nimeyafanya kwa mikono hii."

Filamu ya Mwanahawa ikachukuliwa. Akanifuata mlangoni.

"Ahsante dada, umeniokoa."

"Usinishukuru. Nakuonea wivu, hapa nilipo hata kukutazama siwezi."

Akacheka, akanishika mkono, tukaondoka pamoja.

Usidhani wivu uliisha. Juzi kwenye kipaimara cha mjukuu wangu akina mama waliuimba ule wimbo wa bani, Agneta akiongoza, mtu mzima sasa na mwalimu wa shule. Nilicheza, lakini moyo ulinichoma. Natamani ningekuwa mimi niliyeuleta.

Kwa hiyo sikwambii usione wivu, mwanangu, nitakuwa nakudanganya. Ninachokuomba ni hiki: ukishikwa na wivu, itazame tena ile kazi ya mwenzako, maana hakuna anayemwonea mtu wivu kwa kitu kibovu. Kesho wakikuuliza, kunywa maji, kisha useme habari za filamu, za moyo wako ziache nyumbani. Agneta wako atakuwepo mahali fulani anaingoja, nawe humjui.

Mungu akujalie kukiona kizuri kilicho mikononi mwa mwenzako, akuzuie usikitie doa, na ulimi wako ukitaka kuteleza, akuletee mtani wa kukucheka mapema.