Ukoo wa Dude

Juzi, kwenye duka la fotokopi hapa Amu, muuzaji alikuwa akisoma kwenye simu asili ya "dude", neno la Kiingereza ambalo vijana wetu huitana kwalo. Bi mmoja aliyekuja kutoa nakala ya kitambulisho akamkazia macho, kama anayechunguza mposaji.

"Babake nani?"

"Neno 'doodle', Bi. Hilo 'dude' lilikuwa la kuwacheka wanaume wanaojipamba kupita kiasi."

"Na babuye?"

"Wanasema huenda ni Mjerumani."

"Haya, nitafutie 'nti', tunavyoiita nchi hapa kwetu."

Muuzaji akatafuta weee. "Hajaandikiwa asili, Bi."

Wivu ulinishika hadi nikasahau nakala zangu kaunta. Neno la mtaani lina nasaba, letu halina hata baba! Dude akija kuposa kwetu, sisi ndio tutakaoulizwa ukoo.