Uji wa Kumnenepesha Salka

Kwa watu wanaokula kutoka sinia moja, mtu mwenye sufuria yake peke yake hutazamwa. Salka alikuwa na sufuria yake, upawa wake, na bakuli lake la bati lenye ukingo wa buluu. Mkono wa ile sufuria ulifungwa uzi mwekundu, ili hata mgeni asije akachovya humo upawa uliotoka kwenye chakula cha wengine. Mtaani, katika kambi ya wakimbizi, walimwita Mama Sufuria. Hakuudhika. Alikuwa ameugua vya kutosha kuujua uzi ule una kazi gani.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Hakuna mtaa wa kambi uliokosa watu wawili watatu wasioweza kula ngano. Salka aliubeba tangu ujana bila kujua anabeba nini. Aliolewa akiwa mkondefu, mimba zikawa haziketi, na siku moja, chai ikiwa inamiminwa, mama mkwe wake akasema mbele ya wageni, "Sisi tuliposa binti, wenzetu wametuletea mti wa kusimamishia hema." Ndoa haikuchukua muda ikavunjika. Mama yake, Mnina, alimpokea kwa ngoma na vigelegele, kama anavyopokewa huko kila mwanamke aliyeachika anaporudi kwao, lakini neno lile lilimkaa rohoni kama mwiba wa mgunga. Aliyeambiwa ni Salka. Aliyechomwa ni Mnina.

Baadaye daktari wa zahanati alimpima, akawaketisha mama na binti mkekani.

"Kila mwili una walinzi wake," alisema. "Wako wewe wakiiona ngano wanapandwa na wazimu. Badala ya kumpiga adui, wanaichoma nyumba wanayoilinda. Huko tumboni kumeungua, Salka, ndiyo maana chakula hakikushiki. Ngano usiiguse tena. Na shayiri vilevile. Hao ni ndugu."

"Hata kidogo?" Mnina akauliza.

"Hata kidogo, mama. Hata kilichobaki kwenye upawa."

Mnina alilia njia nzima. Walipofika akajifuta machozi, akajifunga kibwebwe. Ni yeye aliyetafuta sufuria mpya, na ni yeye aliyefunga uzi mwekundu. Alijifunza kupika mkate wa mahindi kwenye kikaango, nao kwanza ulivunjika kama udongo, halafu akagundua kwamba ukiukanda kwa maji ya moto na kiazi kilichopondwa, unashikana. Alimpikia binti yake wali wa karoti na nyama ya ngamia, dengu zenye bizari, tende zilizokaangwa kwa samli ya mbuzi, na siku ya kuchinja, ini na vipande vya nundu juu ya makaa, chumvi tu. Wengine walipokula mkate wa unga wa msaada, Salka alikula vizuri kuwashinda. Mwili ukarudi. Mashavu yakajaa, usingizi ukaja, na mikono iliyokuwa ikitetemeka ikashona mahema kuanzia asubuhi hadi adhuhuri katika banda la akina mama.

Nje ya hema la mama yake hakula kitu. Harusini alikunywa chai tu. Kwa Mnina peke yake ndipo alipofungua kinywa bila kuuliza.

Ndipo Buyema akapeleka posa. Buyema alikuwa dereva wa lori la maji, mtu mzima, mjane, mpole wa maneno. Dada yake Glana alikuwa na ugonjwa uleule, kwa hiyo hakushangaa kuona sufuria yenye uzi. Alipokuja mara ya kwanza alileta gunia dogo la unga wa mahindi badala ya manukato, na wanawake wa mtaa walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Mwenzetu kaposwa kwa unga!"

"Afadhali unga," Salka akajibu. "Manukato hayapikiki."

Mnina hakucheka. Alikuwa akimtazama binti yake kifuani na mikononi, kwa jicho la mtu anayenunua mbuzi. Asubuhi akatangaza kwamba bibi harusi atakaa ndani, atanenepeshwa, kama alivyonenepeshwa yeye, na mama yake kabla yake.

"Mama, mimi si msichana. Na ninashona."

"Shona asubuhi, unenepe jioni. Safari hii hakuna atakayeniambia nimeleta mti wa hema."

"Buyema hajasema lolote kuhusu unene."

"Wanaume hawasemi. Ndugu zao ndio wanaosema."

Salka akakubali. Kusema kweli alifurahi. Kila jioni Mnina alimletea bakuli la buluu limejaa uji mzito wa rangi ya mchanga, shimo katikati limejaa samli, tende pembeni, na kando yake maziwa ya ngamia. Uji ulikuwa na ladha ya nafaka iliyokaangwa, na ladha hiyo ilimrudisha mahali asipopajua jina, utotoni, mapajani kwa bibi yake.

"Ni uji wa nini huu, mama?"

"Uwele. Nimeukaanga kidogo kabla ya kuusaga. Kula."

"Uwele mtupu?"

"Salka! Naapa kwa kichwa chako. Kula, mwanangu."

Akala. Mama yake akakaa mbele yake mpaka bakuli likawa tupu, na mara nyingine alimlisha kwa mkono wake mwenyewe, tonge baada ya tonge, akimwimbia utani wa maharusi.

Hazikupita wiki nyingi, vidonda vikaota ndani ya mashavu. Tumbo likavimba likawa gumu kama ngoma, kisha likaanza kumwendesha. Salka alisinzia sindano mkononi. Nguo ya harusi iliyopimwa mwanzoni ikaanza kumpwaya mabegani, na kadiri ilivyompwaya ndivyo Mnina alivyozidisha uji.

Salka akaanza kumsaka adui. Alisugua sufuria kwa mchanga na majivu. Alichoma upawa wa zamani, akachonga mpya. Alikataa chai ya watu. Mwisho mashaka yake yakamwangukia Hamudi mwenye duka, ambaye ndiye aliyekuwa akiwauzia nafaka. Alimwendea duka likiwa na watu.

"Hamudi, unachanganya uwele wako."

"Nachanganya na nini, dada yangu?"

"Utajua mwenyewe. Vikombe vyako, mizani yako, vyote vina ngano. Unaniua na huku unacheka na mimi!"

Hamudi alinyamaza. Alikuwa mtu wa utani mwingi, na kunyamaza kwake kuliwafanya wanawake waliokuwa wakinunua sukari waangaliane. Mmoja akavuta ushungi wake mdomoni. Salka akaona.

"Nini? Semeni."

"Dada Salka," Hamudi akasema taratibu, "uwele kwangu uliisha kabla hata posa yako haijafika. Mama yako hununua shayiri. Mtaa mzima unanukia shayiri ya kukaangwa kila asubuhi ukienda kushona. Sisi tulidhani ni ya wageni wa harusi."

"Wengine tulijua," yule aliyevuta ushungi akasema, akiitazama sukari yake. "Lakini nani atamfundisha Mnina kumlisha mwanawe?"

Salka hakurudi bandani kushona. Alikwenda nyumbani moja kwa moja, na kabla hajalifikia hema alisikia mlio wa mawe ya kusagia, ule mkwaruzo wa jiwe juu ya jiwe. Harufu ilimfikia pia. Sasa ilikuwa na jina.

Mnina alikuwa amekaa nyuma ya hema kwenye kivuli, miguu ameikunjua, vumbi la shayiri limemjaa mpaka kwenye nyusi. Alipoinua macho hakuficha mawe. Aliendelea kuzungusha kidogo, kisha akaacha.

"Umerudi mapema."

"Hii ni nini, mama?"

"Unaiona."

"Uniambie wewe."

"Shayiri."

Salka akakaa chini. "Ulisema uwele."

"Ningesema shayiri ungekula?" Mnina akajipangusa uso. "Sikiliza. Wewe unaugua ngano, na ngano si yetu. Ngano imetukuta hapa, imekuja kwenye malori ndani ya magunia yenye maandishi ya watu. Kabla ya kambi, nani aliugua? Shayiri tulipanda wenyewe kwenye mabonde yetu mvua ikinyesha. Bibi yako alikula shayiri, akanenepa mpaka ngamia aliyembeba akarudi magotini mara mbili kabla ya kuinuka naye. Mimi niliolewa juu ya shayiri. Kitu cha kwenu hakiwezi kukudhuru."

"Daktari alikuambia. Ulikuwa umekaa pale. Alisema ni ndugu."

"Daktari ni mtoto. Mimi ndiye niliyekuzaa."

"Basi ulipoona vidonda? Ulipoona naamka kila saa kwenda nje? Ulipoona nguo inanipwaya?"

Mnina akaokota punje iliyoanguka mchangani, akaitia kwenye mawe.

"Nilikuuliza, mama. Nikakuuliza tena. Ukaapa."

"Niliapa kwa kichwa chako," Mnina akasema haraka. "Sikuapa kwa Mungu."

Hapo ndipo Salka alipopigwa. Mengine yote angeweza kuyaita mapenzi ya kizamani, au ukaidi, au hofu ya midomo ya watu. Lakini mtu aliyechagua kiapo, akakwepa kimoja na kushika kingine, alijua anachofanya. Na katika vichwa vyote vya kuapia, alichagua hicho.

"Nimemtukana Hamudi mbele ya watu," alisema. "Nimemwita muuaji."

"Nitamwendea, nitamwomba radhi."

"Nimechoma upawa wangu. Nimekataa chai ya kila mtu. Mtu niliyemwamini ni mmoja tu hapa duniani."

"Nilitaka upendeze, Salka! Nilitaka waone umetoka kwenye hema lenye chakula!"

"Wakuone wewe, si mimi," Salka akajibu, akainuka kwa kushikilia kamba ya hema.

Jioni ile bakuli la buluu lilikaa limefunikwa mpaka samli ikaganda. Salka alijipikia wali mweupe, akala nje, mgongo ameupa mlango.

Buyema alipokuja kupanga mambo ya harusi, Salka alimwambia shauri lake mbele ya mama yake, akiwa ameshika glasi ya pili ya chai bila kuinywa. Hema lao halitajengwa hapa. Litajengwa upande wa pili wa kambi, kwa dada yake Glana, ambako sufuria ni safi na kila mtu anajua kwa nini.

Buyema akamtazama Mnina, kisha mchanga. Hakuna bibi harusi aliyewahi kufanya vile. Hema la kwanza la binti husimama mlangoni kwa mama yake, mume huja kama mgeni, na hukaa hapo mpaka nyumba ikomae.

"Utanivua nguo mbele ya watu," Mnina akasema kwa sauti ndogo. "Watauliza nimekufanyia nini."

"Waulize. Harufu wanaijua."

"Hasira hizi zitakwisha."

"Sina hasira, mama. Naogopa kula."

Buyema alikohoa. "Mama Mnina, mimi lori ninalo. Salka akitaka kuja kukuona kila siku, nitamleta."

"Kuniona!" Mnina akacheka cheko kavu. "Kama jamaa wa mbali."

Harusi ilifanyika, ngoma zikapigwa, na ndugu za Buyema hawakusema lolote juu ya unene wala wembamba; walisifu mshono wa hema jipya, uliokuwa wa mkono wa Salka mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa amekwenda dukani, watu wakiwa wamejaa kama siku ile, akamwomba Hamudi radhi. Hamudi akampimia mchele, akasema, "Lete mizani yako siku nyingine, Mama Sufuria," na wote wakacheka, na yeye akacheka kidogo.

Siku ya kuhama, nguzo na mikeka ilipakiwa juu ya lori. Salka alipanda mbele, sufuria yenye uzi mwekundu mapajani. Lori lilipokuwa tayari kuondoka Mnina akatoka hemani, amebeba bakuli la buluu limefungwa kitambaa kisafi. Akalipitisha dirishani.

"Wali, ini na nundu," alisema. "Karoti na chumvi, basi. Na sasa naapa kwa Mungu, Salka. Kwa Mungu."

Salka alilipokea kwa mikono miwili, kama inavyompasa mtoto kupokea kitu kwa mama yake. Bakuli lilikuwa la moto. Harufu ya nundu iliyoyeyuka ikajaa ndani ya lori, na mate yakamjaa kinywani.

"Asante, mama."

Mnina alisimama pale, mkono bado uko juu ya mlango, akimngoja afungue kitambaa. Salka hakukifungua. Mwisho mkono ukashuka, na Buyema akaliwasha lori.

Walipolipita banda la kushonea, Salka alifungua kitambaa, akalisogeza bakuli upande wa mumewe. Buyema alichota kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye usukani. Akatafuna muda mrefu.

"Ni tamu," akasema, kama anayeomba msamaha.

"Najua," Salka akajibu. "Kula umalize, nitaliosha kwa mchanga."