Tofaa la Mwanaidi

Saa kumi na moja na robo alfajiri, enzi zetu, ndipo tofaa lilipochumwa, kwetu sisi tuliokulia ukingo wa Kweshindo, milima ya Usambara. Jua lisilitangulie, umande uwe bado juu yake. Tulitoka na vikapu, meno yakigongana kwa baridi, huku Bibi Salima, mama yake baba, akituonya kwamba mkono uliosugua sufuria usiguse tunda. Sisi tuliachiwa yaliyoanguka, makali kiasi cha kukufumbisha jicho moja, tukashindana nani atakula bila kukunja uso.

Tofaa la Kweshindo lilifungwa kwa kangaga, yale majani mapana yaotayo kando ya kijito chetu, na wanunuzi sokoni walitazama kwanza zile kangaga, kisha tunda. La bondeni lilikuja kwenye jani la mgomba. Aliyejaribu kulifunga la bondeni kwa kangaga aliimbiwa nyimbo za kejeli na akina mama wa ukingo, wiki baada ya wiki, mpaka akahamia kwenye kabichi.

Msimu mmoja Shangazi Mwanaidi, binti wa Bibi aliyeolewa bondeni, alipanda na vikapu viwili. Alipoolewa aliondoka na kitawi cha mti wa mama yake, akakipandikiza kwa mumewe, na sasa kilikuwa kimezaa. Alikuja kuomba kangaga. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, masika yalikaribia, na bei ya Kweshindo ndiyo ingemnunulia mabati.

Bibi alichukua moja, akauma, akatafuna taratibu kama anayesikiliza.

“Mti ni wangu huu, mwanangu,” alisema. “Lakini ukungu wetu hukuozwa nao.”

“Na mimi niliyezaliwa kwenye huo ukungu, mama, nifungwe kwa jani gani?”

Tuliziba midomo tusicheke. Bibi alilila lile tofaa mpaka kwenye mbegu, ndipo akajibu.

“Wewe una jina. Liuze kwa hilo.”

Shangazi alishuka amenuna. Lakini alitii, akaketi sokoni na majani yake ya mgomba akinadi tofaa la Mwanaidi, kwa sauti iliyotufanya tujifiche. Watu walicheka, wakaonja, wakarudi. Masika yalipoingia, upande mmoja wa paa lake ulikuwa bati. Wa pili ulisubiri msimu mwingine.

Mwaka 2018, dukani hapa Johannesburg, binti yangu Zuhura alinionyesha tofaa la Ulaya lenye kibandiko. Niliyasoma maandishi yake madogo mara mbili: kisheria, asiyelilima katika bonde moja la huko haruhusiwi kutumia jina lake. Nikacheka peke yangu. Bibi hakuhitaji kibandiko. Vijana wa leo bila hicho hawajui wanakula nini. Sisi tulijua kwa ulimi, na kwa kuogopa kuimbiwa.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Bertrams, nina mtofaa mmoja kwenye ndoo kubwa ya rangi. Mwaka huo ulizaa matofaa matatu. Zuhura, aliyezaliwa hapa na ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, siku hiyo pale dukani aliuliza kwa Kiswahili: “Baba, yetu yanaitwaje?”

Ukungu hatuna, wala kijito, na kangaga sijaziona miaka mingi. Nikamwambia ana jina.

Lile la kibandiko tulilirudisha rafuni. Tuliokoa randi kumi na nne.